Kichwa kinauma kila wiki? Hesabu siku kabla ya kuongeza vidonge

Katika mkoba wa mama mmoja mkazi wa Mbagala, jijini Dar es Salaam, vitu vinne havikosekani: funguo, simu, nauli ya daladala na vidonge vya maumivu. Asubuhi anameza viwili kabla ya kufungua genge lake la mboga na matunda. Jioni anameza viwili vingine kabla ya kuinjika sufuria. Akiulizwa kama anaumwa, hukataa. "Siumwi, ni kichwa tu," husema.

Nyumbani ana mtoto wa kiume wa darasa la sita, naye ana kichwa chake. Mara tatu au nne kwa mwezi anarudishwa kutoka shule kabla ya saa sita mchana, uso umempauka, njiani ametapika. Akifika anataka chumba chenye giza, pazia lishushwe na redio izimwe. Analala. Akiamka jioni ni mzima, anadai chakula, kisha anatoka kucheza mpira.

Hapo ndipo maneno huanza. Baba anasema ni uvivu, mbona mpira anauweza? Bibi anasema malaria imempanda kichwani. Shangazi anashauri apelekwe akatazamwe, huenda kuna mkono wa mtu. Kwa mwaka mmoja mtoto huyo alimeza dozi tatu za dawa ya malaria, mbili kati ya hizo bila hata kupimwa.

Siku mama alipompeleka kituo cha afya, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Tabibu akauliza swali moja: "Kwa mwezi, kichwa kinamuuma siku ngapi?" Mama hakuwa na jibu. Tabibu alipomwona yeye mwenyewe akipapasa mkoba kutafuta kidonge, akamuuliza: "Na wewe mama, siku ngapi?" Hapo pia hakuwa na jibu.

"Basi nunua daftari," tabibu akamwambia. "Ukurasa mmoja wa mtoto, mwingine wako. Mrudi baada ya wiki nne."

Swali hilo ni fupi, lakini ndilo linaloonyesha ni ugonjwa gani, kama dawa ya dukani inatosha, na kama dawa yenyewe imeshaanza kuwa tatizo. Wazazi wengi wanajua bei ya vidonge, lakini ni wachache wanaojua idadi ya siku.

Si "kichwa tu"

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 takriban watu bilioni 3.1, sawa na asilimia 40 ya watu wote duniani, waliishi na maradhi ya maumivu ya kichwa. Huu si ugonjwa wa watu wa ofisini wala wa mjini. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa zaidi ya miaka 10 iliyopita katika vijiji vinavyohudumiwa na Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, uliwakuta wakulima na wafugaji wenye kipandauso.

Maumivu yanayojirudia huwa ya aina nyingi, ila mbili ndizo zinazoonekana zaidi majumbani.

Ya kwanza ni maumivu ya mkazo. Mtu huhisi kama amefungwa kilemba kilichokazwa sana. Huuma pande zote mbili, shingo na mabega huwa mazito, lakini mgonjwa anaweza kuendelea na kazi zake. Kwa kawaida hatapiki.

Ya pili ni kipandauso. Hiki huuma kwa kupwita, kama kuna mtu anagonga ndani, mara nyingi upande mmoja. Kupanda ngazi au kuinama kuokota kitu huzidisha maumivu. Mgonjwa husikia kichefuchefu au hutapika, na hawezi kuvumilia mwanga, kelele na wakati mwingine harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Kwa mtu mzima asiyepata tiba, shambulio moja huweza kudumu saa 4 hadi 72. Likiisha, humwacha mchovu kama aliyelima kutwa.

Baadhi ya wagonjwa hupata ishara dakika chache kabla ya maumivu kuanza. Huona mistari ya kupindapinda inayometameta, au sehemu ya kitu wanachotazama hupotea, au huhisi ganzi ikitambaa kutoka mkononi hadi mdomoni. Kwa kawaida ishara hizo hudumu kati ya dakika 5 na saa moja, kisha huondoka. Asiyejua hudhani anarogwa au anapofuka. Ni ubongo unaofanya kazi kwa namna isiyo ya kawaida kwa muda mfupi. Hata hivyo, anayepata ganzi au kupoteza kuona kwa mara ya kwanza asijiambie ni kipandauso. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Kwa nini yeye na si mwenzake?

Zamani ilidhaniwa kwamba kipandauso ni mishipa ya damu kutanuka tu. Sasa inafahamika kuwa kinaanzia kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Mtu huzaliwa na ubongo mwepesi wa kushtuka. Mabadiliko ambayo mwingine hayaoni, kama njaa, usingizi mfupi au jua kali, kwake yanatosha kuiamsha mishipa ya fahamu inayohudumia uso na utando unaofunika ubongo. Mishipa hiyo humwaga kemikali zinazoleta maumivu.

Wepesi huo hurithiwa. Mama au baba akiwa na kipandauso, uwezekano wa mtoto kukipata huongezeka. Kwa hiyo mzazi anayesema "hata mimi nilikuwa hivyo nikiwa mdogo" anatoa habari muhimu sana kwa daktari, ila haipaswi kuwa sababu ya kumwacha mtoto ateseke.

Utotoni, wavulana na wasichana huugua kwa kiasi kinachokaribiana. Baada ya kuvunja ungo mambo hubadilika, na utu uzimani wanawake wenye kipandauso ni takriban mara mbili hadi tatu ya wanaume. Homoni zina mchango, ndiyo maana wengi huumwa siku zinazozunguka hedhi.

Mtoto haigizi

Kipandauso cha mtoto hakifanani sana na cha mtu mzima, na hapo ndipo wazazi na walimu wengi hukosea. Kwa mtoto, maumivu mara nyingi huwa kwenye paji la uso au pande zote mbili. Yanaweza kudumu saa mbili tu. Akipata usingizi, huamka mzima. Kumwona akicheza jioni si ushahidi kwamba asubuhi alidanganya, kwa kuwa ndivyo ugonjwa wenyewe unavyokwenda.

Mtoto mdogo hawezi kueleza kwamba mwanga unamkera. Atajificha chini ya meza, atajifunika shuka usoni, atakataa chakula anachokipenda. Wengine huumwa tumbo badala ya kichwa: tumbo la kukata katikati kwenye kitovu, uso kupauka, kutapika, kisha kupona kabisa hadi safari nyingine. Nacho ni kipandauso cha tumbo, ingawa daktari lazima kwanza ahakikishe hakuna ugonjwa mwingine.

Mtoto akiitwa mvivu kwa jambo asiloweza kulizuia, hujifunza kunyamaza. Anakaa darasani kichwa kikipwita, hasikii mwalimu anasema nini, alama zinashuka, na nyumbani anaulizwa kwa nini. Gharama hiyo haionekani kwenye risiti ya duka la dawa.

Malaria, presha na macho

Kichwa kinapouma, washukiwa ni walewale watatu.

Malaria kweli huumiza kichwa, lakini kipimo cha haraka kinapatikana kwenye zahanati na majibu hutoka ndani ya dakika 15 hadi 20. Kumpa mtoto dozi bila kupima ni kumnywesha dawa asiyoihitaji, na ugonjwa halisi unaendelea. Kichwa kinachouma, kinaisha siku hiyohiyo na kurudi baada ya wiki mbili, bila homa, hakifanani na malaria.

Presha ni habari nyingine. Wengi huamini presha ikipanda kichwa kitauma na kisipouma presha imeshuka. Si hivyo. Presha ya juu ya kawaida huwa haina dalili yoyote. Huweza kuumiza kichwa inapopanda kupita kiasi, kwa mfano kufikia 180 kwa 120. Anayeacha dawa za presha kwa sababu kichwa kimetulia anajiweka kwenye hatari ya kiharusi. Presha hupimwa kwa kifaa.

Macho yakapimwe, hasa mtoto akikunja uso kusoma ubaoni. Miwani itamsaidia kuona na kupunguza uchovu wa macho, lakini haiponyi kipandauso. Mzazi aliyenunua miwani na kichwa kikaendelea kuuma asidhani ametapeliwa.

Wapo pia wanaokimbilia kuchanjwa chale kwenye kipaji. Chale hazifiki zinapoanzia maumivu, na wembe unaotumiwa na zaidi ya mtu mmoja unaweza kuleta virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Kujifunga kitambaa kichwani au kuweka kitambaa cha maji baridi hakuna madhara, na wengi hupata nafuu kidogo.

Ziko sababu nyingine zilizo mbele ya macho. Nywele zilizosukwa kwa kubana sana huumiza kichwa. Zikilegezwa, maumivu huondoka. Na kama wote ndani ya nyumba wanaumwa kichwa usiku ambao jiko la mkaa limeingizwa ndani, kisha wanapata nafuu wakitoka nje, hiyo ni hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Toeni jiko, fungueni milango, tokeni nje na mwende hospitali. Hewa hiyo huua watu wakiwa usingizini.

Dawa inapogeuka ugonjwa

Wiki nne zilipokwisha, mama yule alirudi na daftari. Ukurasa wa mtoto ulikuwa na alama siku 4. Wa kwake ulikuwa na alama siku 22, na siku 24 alikuwa amemeza dawa. Siku mbili kati ya hizo alimeza ili kichwa kisije kikauma.

Mama alidhani anameza kwa sababu kichwa kinauma. Tabibu alimweleza kwamba kwa sasa huenda kichwa kinauma kwa sababu anameza.

Hali hiyo inajulikana vizuri katika tiba. Mtu mwenye kipandauso au maumivu ya mkazo akitumia dawa za maumivu mara nyingi mno, ubongo huzoea. Dawa ikipungua mwilini, maumivu hurudi, naye humeza tena. Baada ya muda anaamka na kichwa kila asubuhi, na vidonge viwili havifui dafu.

Mipaka inayotumiwa na madaktari duniani iko wazi. Anayeumwa kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, na kwa zaidi ya miezi mitatu amekuwa akimeza dawa za kawaida kama parasetamoli, ibuprofeni, diklofenaki au aspirini kwa siku 15 au zaidi kila mwezi, amevuka. Kwa vidonge vya mchanganyiko, kama vile vyenye parasetamoli, aspirini na kafeini pamoja, na kwa dawa kali kama tramadoli, mpaka ni siku 10 tu. Kinachohesabiwa ni siku. Anayemeza kidonge kimoja kila siku yuko kwenye hatari hii kuliko anayemeza dozi kamili mara mbili kwa mwezi.

Ukiacha maumivu, kuna ini, figo na tumbo. Parasetamoli, ambayo wengi huiita panadol, ni salama ikitumiwa kwa kipimo, lakini mtu mzima akizidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, anaweza kuharibu ini. Ibuprofeni na diklofenaki zikitumiwa muda mrefu, hasa tumboni hakuna kitu, huleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo.

Njia ya kutoka ni kuacha, na mgonjwa aambiwe ukweli kabla hajaanza. Siku 2 hadi 10 za mwanzo kichwa huweza kuuma zaidi ya awali, pamoja na kichefuchefu na usingizi wa kukatika. Kisha hali hutulia, na wengi huona tofauti ndani ya wiki chache hadi miezi miwili. Dawa za kawaida zinaweza kukatwa mara moja. Anayetumia tramadoli kila siku asiache peke yake. Apunguziwe na daktari.

Anayepona atumie kanuni rahisi: dawa ya maumivu isizidi siku mbili kwa wiki. Ikihitajika zaidi ya hapo, ni wakati wa kurudi kwa daktari.

Usisubiri daftari

Hesabu ya wiki nne ni kwa ajili ya kichwa kilichozoeleka. Dalili hizi hazisubiri, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja:

- Maumivu makali yaliyoanza ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja, kuliko mgonjwa alivyowahi kuumwa.
- Kichwa pamoja na homa na shingo kukakamaa, degedege au kuchanganyikiwa. Huenda ni homa ya uti wa mgongo au malaria kali.
- Mkono au mguu kulegea, mdomo kwenda upande, au maneno kutotoka vizuri. Kwa mtoto mwenye selimundu dalili hizi ni za haraka zaidi, kwa kuwa anaweza kupata kiharusi akiwa bado mdogo.
- Mama mjamzito aliyevuka wiki 20, au aliyejifungua karibuni, mwenye kichwa kikali, kuona ukungu au kuvimba uso na mikono. Huenda ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba.
- Kichwa baada ya kuanguka au kugongwa, hasa akitapika au akisinzia isivyo kawaida.
- Mtoto anayeamshwa usingizini na maumivu, anayetapika kila asubuhi, anayeyumba akitembea au aliyeanza kuona viwili viwili.
- Mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi mwenye kichwa kinachozidi siku hadi siku.
- Kichwa kipya kilichoanza baada ya umri wa miaka 50.

Mtoto wa chini ya miaka sita anayelalamika kichwa mara kwa mara naye aonwe na daktari, hata kama anacheza.

Daftari linaandikwaje?

Halihitaji ufundi. Daftari la shule au kalenda ya ukutani vinatosha; anayependa simu aandike kwenye simu. Kila siku yenye maumivu andika mambo matano: yameanza saa ngapi na kuisha saa ngapi; yalikuwa makali kiasi gani kati ya 1 na 10; kulikuwa na kutapika au kukwepa mwanga; dawa gani imemezwa na kiasi gani; na nini kilitangulia, yaani usingizi, chakula, maji, jua, hedhi au ugomvi.

Wiki nne zikiisha, mpangilio hujitokeza wenyewe. Kwa mtoto wa Mbagala, siku tatu kati ya nne zilikuwa Jumatatu. Jumapili alichelewa kulala akitazama mpira, Jumatatu aliamshwa saa 10:30 alfajiri kuwahi daladala, akaondoka bila kunywa chai, na hadi saa nne alikuwa hajaweka kitu mdomoni. Hakuna aliyemroga.

Tiba inayoanzia jikoni

Kwa watoto, jambo hili lina uzito kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2017 uliwapa watoto wa miaka 8 hadi 17 wenye kipandauso dawa mbili maarufu za kuzuia, amitriptilini na topiramati. Dawa hizo hazikuwashinda waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Makundi yote yalipata nafuu kubwa, lakini waliomeza dawa halisi ndio waliopata madhara zaidi. Ndiyo maana madaktari huanza na ratiba ya maisha.

Ratiba yenyewe ni usingizi wa saa zinazolingana, hata Jumamosi na Jumapili. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa usiku. Kijana anahitaji saa 8 hadi 10. Simu ilale sebuleni. Asitoke nyumbani bila kula. Uji, kiporo cha jana au kiazi cha kuchemsha vinatosha. Awe na chupa ya maji. Acheze, kwa sababu mazoezi ya kila mara hupunguza mashambulizi. Soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini, visiwe mazoea.

Kwa wanaofunga Ramadhani, siku za mwanzo huleta kichwa kwa wengi, hasa wanywaji wa chai ya rangi na kahawa. Kupunguza vikombe kidogo kidogo kuanzia wiki moja kabla ya mwezi kuandama, kutoruka daku na kunywa maji ya kutosha usiku husaidia.

Shambulio likianza, dawa hufanya kazi vizuri ikimezwa mapema na kwa kipimo kamili. Mtu mzima anayemeza kidonge kimoja cha parasetamoli na kusubiri, kisha kingine jioni, anapata dozi ndogo isiyotibu. Kwa mtoto, kipimo hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 za parasetamoli kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 30 anahitaji miligramu 300 hadi 450 kwa mara moja, si zaidi ya mara nne kwa saa 24, na kila dozi ipishane na nyingine angalau saa nne. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16 bila daktari kuagiza. Kukiwa na homa inayoweza kuwa dengi, ambayo huumiza kichwa nyuma ya macho, ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ziepukwe kwa kuwa huongeza hatari ya kutoka damu.

Baada ya dawa, mpe maji, chumba chenye giza na nafasi ya kulala. Mwalimu naye aambiwe mapema, si siku ya tukio. Ombi lenyewe ni dogo: kivuli, maji, ruhusa ya kumeza dawa na kulaza kichwa kwa nusu saa. Watoto wengi wanaosaidiwa mapema hurudi darasani bila kupelekwa nyumbani.

Hospitali wana nini zaidi?

Mashambulizi yakizidi manne kwa mwezi, au yakimkosesha mtu kazi na shule, kuna dawa za kumeza kila siku ili kuzuia. Propranololi, ambayo wengi huijua kama dawa ya presha, na amitriptilini kwa dozi ndogo ni za muda mrefu na si za bei kubwa. Huchukua wiki sita hadi nane kuonyesha kazi yake, kwa hiyo anayeacha wiki ya pili hajaijaribu. Hazinunuliwi kwa kushauriwa na jirani: mwenye pumu hapaswi kutumia propranololi, na valproeti, inayotumika pia kwa kifafa, ina madhara makubwa kwa mimba.

Mwanamke anayepata zile ishara za macho kabla ya kipandauso amweleze mhudumu wa uzazi wa mpango. Vidonge vyenye homoni ya estrojeni humwongezea hatari ya kiharusi, na ziko njia nyingine zinazomfaa.

Picha ya ubongo si lazima kwa kila mtu. Daktari aliyesikiliza historia vizuri, akapima macho, nguvu za mikono na miguu na mwendo, huweza kutambua kipandauso bila picha. Akiona shaka, atampa rufaa kutoka hospitali ya wilaya hadi ya mkoa, na ikibidi hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC, Bugando au Mbeya. Mgonjwa anayefika huko na daftari la miezi mitatu huwa amemrahisishia daktari nusu ya kazi.

Kurasa mbili, miezi mitatu baadaye

Mama wa Mbagala aliacha vidonge siku ya Ijumaa. Siku sita zilikuwa mbaya. Dada yake alimshikia genge, na baba wa watoto aliinjika ugali mwenyewe. Wiki ya pili aliamka asubuhi moja akatafuta maumivu na hakuyakuta. Mwezi wa tatu ukurasa wake ulikuwa na alama siku 6, na dawa alimeza siku 4.

Ukurasa wa mtoto ulikuwa na alama moja. Ilikuwa siku ya mtihani wa muhula. Kichwa kilianza saa tatu asubuhi, mwalimu akamruhusu ameze dawa na kukaa nje chini ya mwembe. Saa nne na nusu alirudi ndani akamaliza karatasi yake.

Jioni aliomba ruhusa ya kwenda kucheza mpira. Baba yake alimtazama usoni kwanza.

"Kimeisha kabisa?"

"Kimeisha, baba."

"Haya, nenda. Ila saa tatu uwe kitandani."

Kipandauso hakijaondoka katika nyumba hiyo, na huenda kisiondoke. Wanachojua sasa ni siku zake. Daftari linaning'inia kwa uzi jikoni, kando ya kalenda, na kalamu yake.